Mti Mmoja, Wiki Sita: Mwongozo wa Kutuliza Roho Majani Yanapopukutika Minnesota

Picha ya kwanza ya vuli niliyomtumia mama Kilifi ilimtia hofu. Ilikuwa ya mti mwekundu pyu, na nyuma yake mwingine wa manjano. Mama hakuandika jibu, alipiga simu.

"Mwanangu, huko kunaungua?"

Nikamweleza kwamba hakuna moto, ni majira tu. Majani hugeuka rangi, halafu yanapukutika.

"Yote?"

"Yote, mama."

"Na miti haifi?"

Nilimjibu haraka kwamba haifi, lakini kusema kweli sikuwa na hakika. Nilikuwa nimefika Minneapolis, Marekani, miezi mitatu tu, nafanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na ule wekundu wote nilikuwa nauona kupitia kioo cha basi huku nasinzia.

Kwetu pwani vuli ni mvua, zile fupi za Oktoba mpaka Desemba, za watu wa kunde na mahindi ya haraka. Vitabu vya shule vililiazima neno hilohilo kwa majira ya huku ambapo miti huvua majani. Vuli na kuvua zinapatana masikioni, ingawa sidai kwamba zina ukoo.

Mwongozo huu nauandika kwa Mswahili wa Minneapolis na St. Paul, yule anayetoka zamu alfajiri, anaingia garini, na kabla injini haijapata moto ameshafungua simu: Goma, Khartoum, vijana barabarani Nairobi, misako ya uhamiaji mtaa wa pili, na chini kabisa ujumbe wa binamu anayeomba karo. Msitu hautaondoa hata moja kati ya hayo. Nisingependa mtu aende akitarajia kusahau, kisha arudi akijiona ameshindwa. Ninachokifahamu ni kwamba moyo wenye mzigo ukipewa mahali pamoja pa kurudi, siku ileile ya wiki, majani yakiwa yanabadilika mbele ya macho yako, huanza kupumua.

Nilichelewa kujua hilo. Miaka mitatu ya mwanzo nilifanya kama kila mtu: Jumamosi moja ya Oktoba tunajazana garini, tunaendesha saa tatu kwenda kaskazini, tunapiga picha mia mbili, tunakula baga njiani, tunarudi usiku tumechoka kuliko tulivyokwenda. Mwaka wa nne sikuwa na gari wala pesa ya petroli, nikabaki na mti mmoja wa karibu. Nikaona mengi kuliko miaka yote mitatu.

Kwanza, tenga wiki sita kabla hazijakupita

Vuli ya hapa ni fupi. Kaskazini mwa jimbo, karibu na mpaka wa Kanada, rangi huanza katikati ya Septemba. Huku kwenye miji pacha hushika kasi mwisho wa Septemba, hufika kilele kati ya wiki ya pili na ya tatu ya Oktoba, na mialoni ndiyo hufunga hesabu, mwisho wa Oktoba mpaka Novemba kuingia. Idara ya maliasili ya jimbo huweka kwenye mtandao ramani ya rangi na kuibadilisha kila wiki, inaonyesha sehemu gani imefika asilimia ngapi. Itazame, ila isikutawale. Anza wiki ya tarehe 20 Septemba, wakati kila kitu bado ni kijani na unahisi umewahi mno. Hapo hujawahi; ndipo hasa panapotakiwa.

Chagua siku moja ya wiki na uiandike kwenye kalenda kama unavyoandika zamu. Mimi ni Jumanne asubuhi, nikitoka kazini. Bosi akipiga simu kuniomba ovataimu siku hiyo, namwambia nina miadi. Simdanganyi. Ovataimu haiishi, majani yanaisha.

Pili, chagua mti, na usichague ule mzuri kuliko yote

Tafuta mti ulio ndani ya dakika kumi na tano kutoka kwako au kutoka njia unayopita kila siku. Ukiwa mbali zaidi ya hapo, wiki ya tatu utakuja na sababu. Uwe na mahali pa kukaa karibu, jiwe, benchi au gogo. Uwe mahali ambapo mtu akikuona umekaa hatashangaa. Hili la mwisho ni muhimu kwetu, sote tunajua kwa nini. Bustani ya umma yenye njia ya miguu ni salama kuliko kiwanja cha nyuma ya nyumba za watu.

Wengi watapenda mti wa mepo, ule ambao utomvu wake huchemshwa kuwa sharubati nzito wanayomwagia chapati zao za maji. Utaujua kwa jani lake lenye ncha kama vidole vya mkono uliofunguka, na kwa matawi yake: vijiti huota viwili viwili, kimoja huku na kingine kule, mkabala. Mepo wa sukari ndiye anayetoa ile rangi ya chungwa na nyekundu ya kwenye kalenda. Mwaloni hugeuka hudhurungi ya ngozi ya kiatu. Watu wanaudharau, lakini kama ratiba yako inaanza kupata nafasi Oktoba ya mwisho, huo ndio mti wako, na mialoni mingi michanga hushikilia majani yake makavu mpaka theluji, yakichakarika kama karatasi. Aspeni ana majani ya duara yanayotetemeka hata pasipo upepo wa maana.

Wangu ni mepo wa fedha, ndugu maskini wa yule wa kalenda. Anaota kando ya mto, ameinama kidogo, upande wa chini wa jani lake ni mweupe, na vuli ikifika hugeuka manjano hafifu ya ndizi isiyoiva vizuri. Hakuna anayesimamisha gari kumpiga picha. Nilimchagua kwa sababu hiyo. Mti mzuri sana una wageni wengi.

Yuko kwenye kisiwa cha Pike, ndani ya Fort Snelling State Park, pale mto Minnesota unapomwagika ndani ya Mississippi. Kuna kibali cha gari cha siku na cha mwaka, na ukienda mara sita cha mwaka kimeshajilipa, na kinatumika kwenye mbuga zote za jimbo. Asiye na gari apande treni ya Blue Line ashuke kituo cha 50th Street/Minnehaha Park. Hapo kuna maporomoko ya maji ya Minnehaha, kama mita 16 kwenda chini, na ukiifuata njia ya kando ya kijito watu wanapungua mpaka unafika Mississippi. Kuingia ni bure.

Kuhusu kisiwa hicho, kuna jambo ambalo nililijua mwaka wa pili wa kukaa pale, nikajilaumu kutolijua mapema. Wadakota, wenye nchi, hupaita Bdote, makutano ya maji, na ni mahali patakatifu kwao. Baada ya vita vya 1862 kati yao na Marekani, serikali iliwaweka Wadakota wapatao 1,600, wengi wakiwa wanawake, watoto na wazee, kambini hapo chini ya ngome ya Fort Snelling kwa majira yote ya baridi. Inakadiriwa kati ya 130 na 300 walikufa, hasa kwa maradhi. Mei 1863 waliobaki walipakiwa kwenye meli za mtoni na kufukuzwa kutoka jimboni. Kwa hiyo ukienda na huzuni ya watu waliofukuzwa makwao, ujue unaketi kwenye ardhi inayoifahamu habari hiyo. Wadakota bado huja pale kuwakumbuka wao. Ukiona kitambaa kimefungwa kwenye tawi, usikiguse.

Tatu, vaa kama mtu atakayekaa

Kosa letu ni kuvaa kwa ajili ya kutembea. Ukitembea mwili unapata joto, ukikaa dakika ishirini baridi inakuingia kuanzia makalioni. Asubuhi ya Oktoba inaweza kuwa nyuzi 3 na mchana wake ukafika 18, kwa hiyo vaa tabaka tatu unazoweza kuvua moja moja. Ya ndani isiwe pamba, maana pamba ikilowa jasho haikauki. Kofia inayofunika masikio, glovu, soksi nene. Buti zisiwe mpya. Cha kukalia beba mfuko mgumu wa plastiki au kipande cha mkeka wa mazoezi. Ardhi ya wakati huu hata ikionekana kavu ina majimaji.

Chai. Chemsha maziwa, majani, tangawizi ya kuponda na iliki mbili, sukari usiionee haya, ujaze thamosi ndogo. Nimejaribu kwenda na kahawa ya dukani kwenye kikombe cha karatasi, ikapoa kabla sijakaa sawasawa. Kuna kitu pia kwenye harufu ya iliki katikati ya majani yanayooza. Ni kama nyumba mbili zimefunguliana mlango.

Kupe usiwapuuze. Watu hudhani wameisha na kiangazi, lakini kupe wa kulungu, yule mdogo anayeleta ugonjwa wa Lyme, huwa hai Oktoba yote mpaka baridi kali ishike. Ingiza suruali ndani ya soksi, kaa kwenye gogo lililo wazi badala ya nyasi ndefu, na ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na kwenye nywele. Wenye nywele za kusuka, mwombe mtu akupekue kwenye mistari.

Beba vitambulisho. Mwenye kadi ya ukaazi aliyefikisha miaka 18 anatakiwa kisheria kutembea nayo, na siku hizi hakuna anayehitaji kukumbushwa. Mwambie mtu mmoja uko wapi na utarudi saa ngapi.

Nne, soma habari kabla ya kushuka garini

Hapa natofautiana na washauri wengi wanaosema zima simu tangu usiku. Nikijaribu hivyo, dakika ishirini zote nakaa nikijiuliza kumetokea nini. Basi nasoma nikiwa garini, dakika kumi, naweka kengele. Najibu ujumbe wa mtu mmoja anayesubiri, hata kama jibu ni "nimekuona, nitakupigia jioni". Halafu naifanya simu bubu, naitia mfuko wa ndani, na kushuka nikiwa na habari zangu zote.

Kimya kamili hutakipata. Kisiwa cha Pike kiko chini ya njia ya ndege zinazotua uwanja mkubwa, kila dakika chache moja inapita juu. Bustanini Minnehaha kuna watoto, mbwa, na siku za kazi zile mashine za kupuliza majani, ambazo mimi binafsi naziona ni uchokozi: mtu kupiga kelele nusu saa kusogeza majani kutoka hapa hadi pale, na kesho upepo uyarudishe. Ndege nilizichukia mwanzoni. Sasa nikisikia moja nasema tu, "Wasafiri salama," naendelea.

Tano, piga hodi

Bibi yangu aliishi karibu na Kaya Kauma. Kaya za Mijikenda zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2008, lakini sisi watoto tulizijua kama msitu ambao huingii ovyo. Hupigi mluzi, hukati kijiti, hukimbii, na mzee wa kaya ndiye anayekuruhusu. Kaya Kinondo, kule Diani, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia. Bibi alisema msitu una wenyewe, na mwenye nyumba husalimiwa.

Sijui wenyewe wa kisiwa cha Pike watanielewaje kwa Kiswahili, ila nikifika mwanzo wa njia nasimama na kusema hodi, kwa sauti ya chini. Kisha natembea polepole mara mbili kuliko ninavyotaka. Ukipishana na mtu, msalimie kwanza. Wazungu wa hapa ni watu wa kuitikia, na uso uliosalimiwa hauna mashaka na wewe. Ukifika kwenye mti wako gusa gome. Kaa.

Sita, dakika ishirini, na tasbihi ya majani

Dakika tano za kwanza ni mbaya. Akili inaleta kodi ya nyumba, inaleta lile jibu ulilopaswa kumpa mtu jana kazini. Usipigane nayo. Subiri jani.

Hesabu majani yanayoanguka, kama anavyohesabu mtu wa tasbihi, mpaka thelathini na tatu. Si majani yote ya msituni, yale tu yanayotoka kwenye mti wako. Lifuate moja kwa macho tangu linapoachia mpaka linapogusa chini, ndipo ulihesabu. Mwenye imani aliambatanishe na neno lake, asiye nayo ahesabu tu. Siri iko hapa: shanga unaweza kuziharakisha, jani huwezi. Wiki ya kwanza huenda likaanguka moja katika dakika nne, ukaondoka umefika tano. Wiki ya nne upepo mmoja unakutupia arobaini kwa pamoja, ukapoteza hesabu na kuanza upya.

Wiki ya kwanza kila kitu ni kijani na utajiona mjinga. Fanya kazi ya kuufahamu mti: tawi gani limevunjika, upande gani una kuvu, kindi anashukia wapi. Kindi na wale wadogo wenye mistari mgongoni wakati huu wako mbioni kuzika njugu za mwaloni. Nyingi hawazirudii, na baadhi huota.

Wiki ya pili utaona doa la manjano, mara nyingi kwenye tawi moja tu. Hapa inafaa ujue kinachotokea. Rangi ya kijani, klorofili, huharibika kila siku na mti huitengeneza upya kiangazi chote. Siku zikifupika mti huacha kuitengeneza, na unarudisha ndani, kwenye matawi na mizizi, kile kinachofaa kilichomo kwenye jani. Kijani kikiondoka, manjano inaonekana. Manjano hiyo haikuja leo. Ilikuwemo ndani ya jani tangu Mei, imefunikwa tu. Nyekundu ni habari nyingine: hiyo hutengenezwa wakati huuhuu, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na hukolea zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku wa baridi isiyofikia jalidi. Ndiyo maana mwaka mmoja ni mwekundu sana na mwingine umefifia.

Wiki ya tatu, au ya nne kutegemea mwaka, ni kilele. Ni wiki ngumu kuliko zote kwa kazi hii, kwa sababu utataka kupiga picha. Piga tatu, mwisho. Halafu angalia mwanga ulivyo chini ya mti wa manjano hata kukiwa na mawingu, unakaa kama ndani ya taa ya chemni.

Kisha inakuja wiki ya kupukutika, na hapo nitasema langu. Baba alifariki mwezi wa Oktoba. Karatasi zangu zilikuwa zimekwama ofisi ya uhamiaji, ningetoka nisingerudi, kwa hiyo mazishi niliyaona kwenye simu, mtu ameishika juu ya umati, mara naona kaburi, mara naona mgongo wa mjomba, mtandao ukakatika wakati wa udongo. Wengi wetu hapa tumezika hivyo. Hatukumwaga udongo, hatukukaa matanga, kesho yake tuliingia kazini kuwaogesha wazee wa watu wengine. Jumanne ile nilikwenda kwenye mti nikahesabu mpaka thelathini na tatu, nikarudia, nikarudia. Mara ya tatu ndipo nikalia. Kama una msiba uliouona kwenye simu, uwekee wiki hii. Chukua kiganja cha majani makavu, yaponde mkononi, yaachie chini ya mti taratibu, ukitaja jina. Haichukui nafasi ya udongo wa kwenu. Mikono ilikuwa inataka kufanya kitu, basi imefanya.

Wiki ya tano tafuta tawi la chini lenye majani machache yaliyobaki. Shika jani moja kwenye kikonyo, uliguse tu. Likiwa tayari litakuachia lenyewe, bila kukatika, kwa sababu mti umejenga safu ya seli pale kikonyo kinapoungana na tawi, safu inayolegea na kuacha kovu lililokwisha kuzibwa. Mti haunyang'anywi jani na upepo kama nilivyodhani. Unaliachia. Sasa tazama kwa karibu juu kidogo ya kovu hilo. Kuna kitu kidogo kigumu, kama punje ya mtama, chenye magamba. Ni chipukizi la mwakani, na liko pale tangu kiangazi, jani likiwa bado la kijani.

Wiki ya sita mti ni mtupu na mahali pote pamefunguka. Mto uliofichwa na majani sasa unauona mpaka ng'ambo. Viota vya tai vilivyokuwa juu ya miti mikubwa ya kando ya maji vinaonekana wazi, kila kimoja kama rundo la kuni lililopandishwa na wendawazimu. Bata bukini wanapita juu kwa mistari, wakigombana.

Ukiwa na watoto

Usiwafundishe kukaa kimya, utamaliza amani yako yote. Wape kazi: nani ataleta rangi saba tofauti, nani atapata njugu ya mwaloni yenye kofia. Warundike majani waruke ndani, baada ya wewe kukagua chini kama hakuna kijiti. Siku yako ya mti nenda peke yako.

Ukipata siku nzima na gari

Safari mbili nazipendekeza. Ya kwanza ni Hawk Ridge, juu ya mji wa Duluth, kama kilomita 250 kaskazini, katikati ya Septemba. Mwewe wanaosafiri kusini hawapendi kuvuka Ziwa Superior, maji yale hayawapi hewa ya joto ya kuwainua, kwa hiyo hufuata ukingo na wote hupita juu ya kilima kimoja. Tarehe 15 Septemba 2003 walihesabiwa zaidi ya laki moja kwa siku moja. Siku niliyokwenda mimi kulikuwa na ukungu na nikaona saba. Bado sijutii.

Ya pili ni hifadhi ya Sherburne, kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, mwendo wa saa moja na kidogo, mwishoni mwa Oktoba. Korongo wa kijivu hukusanyika kwa maelfu kabla ya kuondoka. Fika kabla jua halijachomoza, ubaki garini na dirisha likiwa wazi. Hakuna kiingilio.

Vipepeo monaki, wale wa chungwa na mistari myeusi, hupita Septemba kuelekea milima ya Mexico, na hufika kule karibu na siku ambayo watu wa huko huwakumbuka wafu wao. Kwa ndugu walioko Ujerumani na Poland, mbayuwayu na korongo weupe wanaowaaga Agosti na Septemba wanakuja kwetu kweli: korongo wa mashariki ya Ulaya hupita mlango wa bahari wa Bosporasi, Uturuki, hufuata Nile, na wengi huonekana Kenya na Tanzania. Muwape salamu.

Novemba ina mambo mawili

La kwanza ni bunduki. Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hufunguliwa mapema Novemba, na baadhi ya mbuga hufungwa siku fulani kwa ajili ya uwindaji. Angalia tangazo la mbuga kabla ya kwenda, na nje ya mji usiingie msituni bila fulana au kofia ya rangi ya chungwa inayowaka. Nguo ya hudhurungi iache nyumbani kabisa.

La pili ni giza. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma, na ghafla jua linazama saa kumi na moja kasoro jioni. Sisi tuliokulia karibu na ikweta, ambako magharibi ni saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, mwili hauelewi. Ukifanya zamu ya usiku unaweza kupitisha siku tatu bila kuona jua. Kwa hiyo hamisha ziara yako iwe asubuhi au adhuhuri, hata ukipunguza dakika, na kaa uso ukielekea mwanga.

Usingizi ukipotea wiki mbili, au ukalala kupita kiasi na chakula kikawa hakina ladha, au ukaanza kuona afadhali usiwepo, hapo si kazi ya mti tena. Mwone daktari, na mawazo ya kujidhuru yakija piga 988, wakati wowote, ni bure, na ukiomba mkalimani kwa simu utapewa. Tumezoea kusema "ni stresi tu za ughaibuni". Nimewazika wawili waliosema hivyo.

Mwisho, piga simu nyumbani ukiwa papo hapo

Wiki ya sita, kabla ya kuondoka, mpigie kwa video yule aliyekuuliza swali. Kwa saa za huku ikiwa saa tano asubuhi, kabla saa hazijarudishwa nyuma, Kilifi ni saa moja usiku, wamemaliza kupika. Mwaka jana nilimwonyesha mama mto, viota, na mepo wangu mtupu kama ufagio.

"Huo sasa umekufa," akasema.

Nikasogeza simu kwenye kijiti, karibu kabisa, mpaka ile punje ikajaa kwenye kioo. Akaomba nisiitikise. Akaangalia muda mrefu, nasikia redio ya jirani nyuma yake.

"Kumbe kinangoja."

"Kinangoja Aprili, mama."

Akaniambia kwao mvua zimechelewa, kunde zimepandwa na hazijatoka. Kisha akauliza kama nimekula.